Ulaini Uko Wapi? Deraya, Henzirani na Shaba ya Katanga

Pipa la plastiki la bluu si geni kwa mtu yeyote hapa Shituru, mjini Likasi, Katanga. Lilikuja na bidhaa za viwandani, likaoshwa, sasa limesimama pembeni mwa nyumba likingoja siku maji yatakapotoka bombani. Likipasuka halitupwi. Hukatwa katikati, nusu moja ikawa ya kunyweshea bata, nusu nyingine ikafunikia makala mvua inaponyesha. Nimekua na mapipa hayo, nami niliamini nayajua matumizi yake yote, hadi niliposoma kwamba kuna watu Marekani wanaoyakata vipande, wakavipasha moto mpaka vikalegea, wakavikunja juu ya paja, wakavitoboa na kuviunga kwa kamba za ngozi. Kinachopatikana ni deraya. Mwisho wa juma huivaa, huweka chepeo ya chuma kichwani, na kwenda uwanjani kupigana kama askari wa Ulaya wa miaka 600 iliyopita.

Chama chao kikubwa, Society for Creative Anachronism, kilizaliwa mwaka 1966 katika ua wa nyumba moja mjini Berkeley, California, kwenye sherehe ya marafiki. Panga wanazopigana nazo si za chuma. Ni fimbo za henzirani, mmea ule ule ambao watu wa pwani wanaujua kwa viti na bakora, na unene wake hauruhusiwi kupungua milimita 32 hivi. Chepeo ndiyo haina mjadala: lazima iwe ya chuma cha karibu milimita 1.6. Sehemu nyingine za mwili kila mtu hujikinga kwa alichojaliwa: pipa, zulia kuukuu, ngozi, utepe wa gundi. Na hapana mtu wa pembeni wa kuhesabu mapigo. Aliyepigwa mwenyewe ndiye husema pigo lilikuwa la kweli. Akiona upanga halisi ungemkata mguu, hupiga magoti na kuendelea kupigana hivyo hivyo. Akiona ungemuua, huanguka.

Sheria hiyo ya mwisho ilinikaa rohoni kuliko deraya zote, maana ndiyo iliyonionyesha kwamba kila pambano la kuigiza, popote duniani, lina swali moja la kujibu kabla halijaanza: ulaini utawekwa wapi? Watu wanataka kupigana na wanataka kurudi nyumbani wazima. Ukali wa pigo lazima ufie mahali fulani njiani, kati ya bega la anayepiga na mfupa wa anayepigwa. Mahali hapo panatofautiana, na tofauti hiyo hunieleza habari za jamii kuliko umbo la upanga au rangi ya ngao.

Chukua Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku za Mwaka Kogwa mwezi Julai. Vikundi viwili vya wanaume vinakabiliana na kupigana kwa nguvu zote, wamalize hasira za mwaka unaokwisha, huku wanawake wakiimba. Silaha ni migomba. Shina la mgomba ni maji matupu yaliyofungwa katika magamba laini. Ukimpiga mtu nalo kwa nguvu zako zote linapasuka lenyewe kabla ya kumvunja. Basi Makunduchi wameuweka ulaini ndani ya silaha. Mikono imeachiliwa huru, na hasira pia. Ndiyo maana hakuna aliyehitaji kuwaza deraya: mgomba umeshaifanya kazi yake.

Kirumbizi cha Lamu ni habari nyingine. Hapo fimbo ni fimbo kweli, na kichwa cha mtu kiko wazi. Wawili wanaingia katikati ya duara, zumari inalia, ngoma zinajibu, na fimbo zinagongana kwa kufuata mapigo ya ngoma. Ulaini uko mkononi. Kijana asiyejua kuuzuia mkono wake hafai kuingia, hata awe na nguvu kiasi gani, na watu waliozunguka duara wanamjua kabla hajainua fimbo.

Razha ya Waomani, ambayo Wazanzibari nao waliicheza, imeufikisha mkono huo mbali zaidi. Upanga ni wa chuma, mwembamba, unaotikisika ukipeperushwa. Mkono wa kushoto umeshika ngao ndogo ya ngozi ngumu. Wachezaji wawili wanapokabiliana, anayeshinda ni yule atakayegusa kwa upanga dole gumba la mkono wa kushoto wa mwenzake, lile lililoshika ngao. Kugusa tu. Fikiri jinsi lengo hilo lilivyo dogo na jinsi lilivyo karibu na kinga yenyewe. Mtu anaweza kukaa miaka akijifunza kufika kwenye kidole kimoja bila kukikwaruza. Mimi naona huo ni ustadi wa juu kuliko kumwangusha mtu.

Upande wa pili kabisa wako wapiganaji wa buhurt wa Ulaya, wanaogongana ndani ya deraya kamili. Mashindano yao makubwa, Battle of the Nations, yalifanyika mara ya kwanza mwaka 2010 katika ngome ya Khotyn nchini Ukraine. Silaha ni chuma kilichoondolewa makali, mikono haizuiwi, na ulaini wote umebebeshwa mwili: chini kuna vazi nene lililoshonwa tabaka kwa tabaka, juu yake chuma, na mzigo mzima unapita kilo 20. Kinachonigusa katika mavazi hayo ni lile vazi la ndani. Watu huangalia chuma kinachometa, lakini chuma peke yake hupitisha kishindo hadi mfupani. Kitambaa ndicho kinachokimeza.

Na hapo Afrika haikuhitaji kufundishwa. Katika Sudani ya Mahdi na katika falme za Wahausa, wapanda farasi na farasi wao walivaa vazi la kitambaa lililojazwa pamba ya msufi na kushonwa mistari. Wahausa huliita lifidi. Ni jambo lile lile la vazi la ndani la Ulaya, lakini hapo lilipandishwa likawa deraya kamili. Leo lifidi zinaonekana Kano wakati wa Durbar, sikukuu ya farasi iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2024. Vazi la vita limekuwa la kumsalimia Emir, na washonaji bado wanajua mshono wake.

Sasa nirudi nyumbani, ambako jibu lilinichukua muda mrefu. Likasi imekaa juu ya shaba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1929 kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme kikaanza kazi hapa Shituru. Lakini kabla ya kampuni yoyote, Katanga ilikuwa na watu walioitwa walaji wa shaba. Mmisionari Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, wakati wazee walioijua kazi ile walikuwa bado hai. Kiangazi kikifika, mavuno yakiwa ghalani, walihamia karibu na machimbo. Walichagua malakiti, jiwe la kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makala na kuvuta mivukuto ya ngozi ya swala. Shaba ikamiminwa ardhini katika umbo la msalaba. Msalaba huo ndio uliochorwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960.

Watu wenye madini kiasi hicho, na wenye wahunzi walioheshimiwa kama wafalme, hawakuvaa deraya. Katika bonde la Upemba, huko Kamilamba, kaburi moja la karne ya 8 au ya 9 lilikuwa na mtu aliyezikwa na shoka la heshima, mpini wake umepambwa kwa misumari, na kando ya kichwa chake fuawe ya chuma. Kwa Waluba nyundo na fuawe ni alama za ufalme hadi leo. Uwezo ulikuwepo, na madini yalikuwepo. Basi kwa nini kifua kiliachwa wazi?

Nadhani farasi ni sehemu ya jibu. Kano walikuwa na farasi, Sudani walikuwa na farasi, na mashujaa wa Ulaya walipanda farasi. Katanga ina mbung'o, na mbung'o haachi farasi aishi. Mpiganaji wa huku alitembea, mara nyingi siku nyingi, jua la Septemba likimchoma utosini, katika nyasi zilizompita kimo. Mtu wa namna hiyo akibeba kilo 20 za chuma atakuwa amejiua mwenyewe kabla adui hajafika. Alihitaji ngao nyepesi na miguu myepesi. Kuna pia tabia ya shaba yenyewe. Ikiwa peke yake ni laini mno. Wagiriki wa kale walioivaa, kama aliyekuwa na ile deraya ya Dendra ya karne ya 15 kabla ya Kristo, walikuwa wameichanganya na bati ili igangamae.

Lakini shaba ya Katanga ilifika kifuani kwa njia nyingine. Huko Sanga, kwenye ukingo wa ziwa Kisale, makaburi yalifukuliwa kuanzia mwaka 1957, na baadaye mwanaakiolojia Pierre de Maret akaendelea na uchunguzi. Katika makaburi ya tangu karne ya 14, msalaba wa shaba umelazwa juu ya kifua cha marehemu. Katika makaburi ya baadaye misalaba inakuwa midogo, inakuwa mingi, na inashuka kuelekea nyonga na mikono, mahali ambapo mtu huweka fedha zake. Sijui kama niite kinga. Najua kwamba bamba ambalo Ulaya ilimwekea anayekwenda kupigana, bonde letu lilimwekea aliyemaliza.

Halafu kuna waya. Hapa naomba msomaji akae nami kidogo. Anayejitengenezea deraya ya pete nyumbani huchukua waya wa seng'enge, akauzungusha juu ya chuma chembamba mpaka ukawa kama springi ndefu. Kisha hukata springi hiyo upande mmoja, kila mzunguko ukaanguka kama pete. Pete moja hupitishwa ndani ya nyingine nne, kisha nne nyingine, na kazi huendelea hivyo miezi, pete maelfu kwa maelfu, hadi vidole vinavimba. Wayeke, waliokuja Katanga kutoka Unyamwezi na Usumbwa pamoja na Msiri katika karne ya 19, walikuwa mabingwa wa waya wa shaba. Waliuvuta katika tundu, wakaupitisha katika tundu dogo zaidi, mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Halafu wakauzungusha juu ya nyuzi za mimea au nywele, mzunguko ukigusana na mzunguko, wakapata bangili inayopindika kama kamba.

Mikono miwili, mwendo mmoja. Mmoja anaikata springi yake ili pigo lisipite. Mwingine anaiacha nzima ili mkono wa mkewe upendeze. Nikiwaza kwamba mababu hawa walikuwa hatua moja tu kutoka deraya ya pete, na hawakuichukua, naona wazi kwamba hawakukosa maarifa. Hawakuwa na haja nayo.

Vita hata hivyo viliwafikia. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, Kapteni Omer Bodson, wa msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs, alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akapigwa risasi hapo hapo na kufa kwa jeraha hilo. Msafara huo ulikuwa na mamia ya watu kutoka pwani ya Uswahili. Kila mwaka, tarehe hiyo hiyo, Wayeke hukutana Bunkeya kumkumbuka mfalme wao. Mji wangu nao una vita vyake vinavyoigizwa, ila vimeigizwa mbali. Septemba 1961, wakati Likasi ikiitwa bado Jadotville, askari 155 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa siku kadhaa hadi risasi na maji vikawaishia. Mwaka 2016 filamu ikatoka, The Siege of Jadotville, iliyopigwa Afrika Kusini. Dunia ikiigiza Likasi, inaigiza bunduki. Mimi ningependa kuona tanuru la kichuguu likiwashwa tena, kama wazee wa Buhaya kule Tanzania walivyowasha tanuru lao la chuma miaka ya 1970 mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt, wakikumbuka kwa mikono yao kazi waliyoiacha ujanani.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja wa shaba ya kufua picha ya bega la deraya. Yeye huchora kwa nyundo: vijiji, tembo, mama mwenye kinu. Nilimwomba anifulie bega hilo kwa shaba, nilione na kulishika. Akaitazama picha muda mrefu.

"Hii shaba itabonyea na ngumi tu, ndugu yangu. Ule wa kwenye picha anapigana na nani?"

"Na rafiki yake."

"Basi rafiki apige polepole."

Akaanza kazi. Gogo lake lina shimo la kina cha kiganja, na ndani ya shimo hilo aliingiza bamba, akawa analipiga kwa kulizungusha, kutoka ukingoni kuelekea katikati, kila pigo likilala kando ya lililotangulia. Mwanzoni sauti ilikuwa nzito, kama mtu anayegonga mlango wa mbao. Bamba likaanza kujaa tumbo. Sauti ikapanda kidogo kidogo, ikawa kali, na ilipofika kiwango fulani fundi aliinua nyundo akaisimamisha hewani. Shaba ikipigwa sana hukaza, ukiendelea hupasuka. Alilichukua bamba kwa koleo, akalilaza juu ya makala ya mbabula, akapuliza mpaka likawa jekundu, akalitumbukiza ndani ya nusu ya pipa la bluu lililojaa maji. Lilipotoka lilikuwa jeusi na limelegea, akaliminya kwa vidole vyake viwili nilione, kisha akalirudisha kwenye gogo.