Damu Inayoandika: Kifo cha Lumumba katika Mchoro wa Tshibumba Kanda Matulu

Katika mchoro wake wa kifo cha Patrice Lumumba, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, amewalaza chini Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Damu itokayo ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini, kwa Kifaransa, neno lenye maana ya umoja.

Mtazamaji anayeishia kwenye misalaba ataiona Golgotha tu. Muktadha unadai zaidi. Watatu hao waliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, jimbo hilo likiwa limejitenga na Kongo. Mwaka 1966 Mobutu, ambaye askari wake ndio waliomkamata Lumumba mwaka 1960, alimtangaza marehemu kuwa shujaa wa taifa. Kufikia miaka ya 1973 na 1974, Tshibumba alipomchorea na kumsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya Zaire, neno umoja lilikwishatwaliwa na chama pekee cha siasa.

Hapo ndipo ulipo uchokozi wa mchoro. Kwa kuliandika neno hilo kwa damu, Tshibumba analirudisha kwa aliyelifia; na dola isingeweza kuukana mchoro bila kumkana shujaa iliyemtangaza yenyewe. Maandishi ni ya Kifaransa, lugha ya dola. Masimulizi ni ya Kiswahili cha Shaba, lugha ya mitaa ya Lubumbashi. Anayeyasoma ya kwanza pasipo kuyasikiliza ya pili huona sifa, asione shutuma.