Usiache Mbachao: Historia ya Kukwama kwa Mageuzi ya Bima ya Afya nchini Marekani, 1912–2017

Ikisiri

Makala hii inachunguza sababu zilizofanya mageuzi ya bima ya afya nchini Marekani yakwame mara kwa mara kwa zaidi ya karne moja. Maelezo yaliyozoeleka huelekeza lawama kwa makundi yenye masilahi, hasa madaktari na kampuni za bima, na kwa muundo wa Bunge la nchi hiyo. Bila kuyapuuza maelezo hayo, makala inabainisha kwamba kikwazo kilichodumu zaidi ni hofu ya wananchi ambao tayari walikuwa na bima. Kila hatua iliyofanikiwa iliunda kundi jipya la watu wenye kitu cha kupoteza, na kundi hilo likageuka kuwa kizuizi cha hatua iliyofuata.

1.0 Utangulizi

Tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alisafiri hadi mji wa Independence, Missouri, kutia saini sheria iliyoanzisha mipango ya Medicare na Medicaid. Kando yake aliketi Harry Truman, rais mstaafu mwenye umri wa miaka 81, ambaye siku hiyo aliandikishwa kuwa mnufaika wa kwanza wa Medicare. Heshima hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake. Miaka ishirini kabla, Truman aliliomba Bunge liweke bima ya afya kwa Wamarekani wote, si kwa wazee na maskini peke yao. Alichokishuhudia mwaka 1965 kilikuwa sehemu tu ya kile alichokiomba mwaka 1945.

Tukio hilo linafupisha historia nzima ya suala hili. Theodore Roosevelt aliiweka kinga dhidi ya gharama za ugonjwa katika ilani ya chama chake cha Progressive mwaka 1912. Uingereza ilianzisha Huduma ya Taifa ya Afya mwaka 1948. Nchini Kanada, jimbo la Saskatchewan lilianza bima ya umma ya huduma za madaktari mwaka 1962, na kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa yamefuata. Marekani, ambayo hutumia katika afya takribani asilimia 17 ya pato lake la taifa, bado ilikuwa na watu wapatao milioni 26 wasio na bima yoyote mwaka 2022.

Maelezo mawili hutolewa mara nyingi kuhusu hali hiyo. La kwanza ni nguvu ya makundi yenye masilahi. La pili ni muundo wa Bunge, ambamo kamati chache au maseneta wachache wanaweza kuuzuia muswada unaoungwa mkono na wengi. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi. Chama cha Madaktari cha Marekani kilishindwa mwaka 1965, na bado bima kwa wote haikufuata. Mwaka 1993 chama cha Democratic kilishika urais na mabaraza yote mawili ya Bunge, na kikashindwa kujenga. Mwaka 2017 chama cha Republican kilikuwa katika nafasi hiyohiyo, na kikashindwa kubomoa. Nguvu iliyowazuia wajenzi na wabomoaji kwa pamoja haiwezi kuwa ya upande mmoja. Wahenga wa Kiswahili waliieleza waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka uliochakaa, lakini ulio chini ya mtu, humridhisha kuliko mkeka mpya anaoonyeshwa kwa mbali.

2.0 Kusukwa kwa Mkeka, 1929–1954

Mwaka 1929 hospitali ya Baylor mjini Dallas iliingia mkataba na walimu wa mji huo: kila mmoja angelipa dola 6 kwa mwaka na kuhakikishiwa hadi siku 21 za matibabu ya kulazwa. Mpango huo mdogo ndio chimbuko la bima za Blue Cross. Rais Franklin Roosevelt alipopitisha Sheria ya Hifadhi ya Jamii mwaka 1935, aliiacha nje bima ya afya kwa kuhofia kwamba upinzani wa madaktari ungeuzamisha muswada mzima.

Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyobadilisha hali. Mwaka 1942 serikali ilidhibiti ongezeko la mishahara ili kuzuia mfumuko wa bei. Waajiri waliogombea wafanyakazi wachache waliobaki walitafuta kivutio kingine, na bima ya afya haikuhesabiwa kuwa mshahara. Baada ya vita, vyama vya wafanyakazi viliifanya bima kuwa sehemu ya majadiliano yao na waajiri. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 ilihitimisha jambo hilo kwa kuthibitisha kwamba mchango wa mwajiri katika bima hautozwi kodi ya mapato ya mfanyakazi.

Uamuzi huo wa kikodi ulikuwa na uzito mkubwa kuliko hotuba nyingi za marais. Serikali ilianza kugharimia bima ya mamilioni ya watu kwa kuacha kukusanya kodi, na aliyepata zaidi ni mwenye mshahara mkubwa. Hata hivyo, msaada huo haukuonekana. Mfanyakazi aliiona bima yake kuwa tunda la jasho lake au la ukarimu wa mwajiri, wala hakujiona kuwa anasaidiwa na dola. Kwa hiyo, alipoelezwa baadaye kuhusu bima ya serikali, aliielewa kuwa ni jambo la watu wengine litakalolipiwa na yeye.

Kushindwa kwa Truman hakuna budi kusomwa katika muktadha huu. Ujumbe wake kwa Bunge wa tarehe 19 Novemba 1945 ulikutana na pingamizi mbalimbali. Chama cha Madaktari kilimtaka kila mwanachama achangie dola 25, kikaiajiri kampuni ya uenezi ya Whitaker na Baxter kutoka California, na kuutangaza mpango huo kuwa ni udaktari wa kijamaa, wakati hofu ya ukomunisti ikipanda. Wabunge wa Democratic kutoka Kusini, walioshika kamati muhimu, waliogopa kwamba fedha za serikali kuu zingevunja ubaguzi wa rangi katika hospitali; hofu hiyo ilithibitika kuwa na msingi mwaka 1966, Medicare ilipotumika kuzilazimisha hospitali kuacha kutenga wagonjwa. Lakini kampeni ya madaktari haikuishia katika kupinga. Iliwahimiza wananchi wanunue bima binafsi. Hivyo basi, muswada wa Truman ulipokuwa unazuiwa bungeni, mkeka mwingine ulikuwa unatandikwa majumbani.

3.0 Ushindi Uliofunga Njia, 1965–1989

Mfumo wa bima kupitia ajira uliwaacha nje watu wasio na mwajiri, wazee wakiwa wa kwanza. Wanamageuzi waliamua kuanza nao, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwalaumu kwa uvivu. Baada ya ushindi mkubwa wa Democratic katika uchaguzi wa 1964, Wilbur Mills, mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, aliunganisha bima ya hospitali na bima ya madaktari kwa wazee, pamoja na msaada kwa maskini, katika sheria moja. Wengi wa waasisi wake waliamini kwamba watoto wangefuata, kisha watu wote.

Haikuwa hivyo. Medicare iliwaondoa katika madai ya jumla watu walioamsha huruma kubwa zaidi na ambao hupiga kura kwa wingi zaidi. Athari yake ilijitokeza wazi mwaka 1988, Rais Ronald Reagan alipotia saini sheria ya kuwakinga wazee dhidi ya gharama za magonjwa mazito. Gharama ya nyongeza hiyo ilibebwa na wazee wenyewe, na mzigo mkubwa zaidi uliwaangukia wenye kipato kikubwa, ambao wengi wao tayari walikuwa na bima binafsi ya ziada. Mwezi Agosti 1989, mjini Chicago, wazee wenye hasira waliizingira gari ya mbunge Dan Rostenkowski, mmoja wa viongozi walioisimamia sheria hiyo, hadi akashuka na kuondoka kwa miguu. Kabla ya mwaka kwisha Bunge liliifuta. Tukio hili ni ushahidi muhimu, kwani hapakuwa na madaktari wala kampuni za bima mbele ya umati ule. Walikuwapo wanufaika wenyewe.

4.0 Nafasi Mbili Zilizopotea, 1974 na 1994

Mwezi Februari 1974 Rais Richard Nixon wa Republican alipendekeza waajiri walazimike kuwakatia wafanyakazi wao bima, na serikali iwahudumie waliobaki. Seneta Edward Kennedy, akishirikiana na Mills, alileta pendekezo lililokaribiana na hilo. Vyama vya wafanyakazi vilikataa maafikiano, vikitaraji kwamba uchaguzi wa Novemba ungeleta Bunge lenye kukubali zaidi. Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti kutokana na kashfa ya Watergate. Mills naye aliangushwa na kashfa yake binafsi mwezi Oktoba. Na mfumuko wa bei ukaifanya mipango mikubwa iogopwe. Kennedy alikuja kukiri kwamba alijuta kuiacha nafasi ile. Mtaka yote hukosa yote, lakini ni lazima kuuliza ni nani hasa aliyekosa. Wanachama wa vyama vikubwa vya wafanyakazi tayari walikuwa na bima nzuri, hivyo kusubiri hakukuwagharimu sana. Gharama ya kusubiri ilibebwa na wasiokuwamo katika vyama hivyo.

Miaka ishirini baadaye Rais Bill Clinton alirudi katika wazo la kuwalazimisha waajiri. Tarehe 22 Septemba 1993 alilihutubia Bunge huku akiinua kadi ambayo kila Mmarekani angeipata. Muswada ulioandaliwa chini ya uongozi wa mkewe, Hillary Clinton, ulikuwa na kurasa 1,342. Umoja wa kampuni za bima uliujibu kwa matangazo ya televisheni yaliyowaonyesha mume na mke, Harry na Louise, wakizungumza nyumbani kwao. Maneno yao hayakuwahusu wasio na bima. Yaliwahusu wenye bima, na wasiwasi kwamba serikali ingewachagulia mipango wasiyoipenda. Tarehe 26 Septemba 1994 kiongozi wa walio wengi katika Seneti, George Mitchell, alitangaza kwamba jambo hilo limekwisha. Muswada wa Clinton haukuwahi kupigiwa kura ya mwisho katika baraza lolote, na Novemba hiyo chama chake kilipoteza Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40.

5.0 Sheria ya 2010 na Kinga Yake, 2009–2017

Barack Obama alijifunza kutokana na anguko hilo. Mpango wake uliiacha bima ya waajiri ilivyo, ukapanua Medicaid, ukatoa ruzuku kwa wanaojinunulia bima, na kuzizuia kampuni kuwakataa wagonjwa. Ahadi yake kuu ililenga hofu ileile: anayeipenda bima yake angebaki nayo. Seneti iliupitisha muswada tarehe 24 Desemba 2009 kwa kura 60 dhidi ya 39, baada ya bima ya serikali ya hiari kuondolewa ili kura moja ya lazima isipotee. Baraza la Wawakilishi liliukubali tarehe 21 Machi 2010 kwa kura 219 dhidi ya 212, bila kura hata moja ya Republican. Nyundo ya spika iliyotumika siku hiyo ilikuwa ya mbunge John Dingell, aliyoitumia kuongoza kikao cha kupitisha Medicare mwaka 1965. Baba yake aliwasilisha muswada wa bima ya taifa mwaka 1943. Yeye alikirithi kiti hicho mwaka 1955, na akawa akiwasilisha muswada wa namna hiyo katika kila Bunge jipya. Familia moja ilisubiri miaka 67, na iliyoipata haikuwa bima ya taifa iliyoombwa mwanzoni.

Ahadi ya Obama ilivunjika mwaka 2013, mamilioni ya watu walipopokea barua za kusitishwa kwa mipango iliyokuwa chini ya viwango vipya. Rais alilazimika kuomba radhi hadharani. Wakati huohuo, uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2012 uliyapa majimbo hiari ya kukataa upanuzi wa Medicaid, na maskini wa majimbo yaliyokataa wakabaki nje.

Hata hivyo, kufikia 2016 idadi ya wasio na bima ilishuka kutoka zaidi ya milioni 45 hadi chini ya milioni 30, na waliopata bima wakawa nao na mkeka wa kuulinda. Republican walipotwaa madaraka yote mwaka 2017, walikutana na wananchi waliojaa katika mikutano ya wabunge wakieleza magonjwa yao na ya watoto wao. Muswada wa kufuta ulipita katika Baraza la Wawakilishi tarehe 4 Mei kwa kura 217 dhidi ya 213. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, Seneti iliukataa muswada wake kwa kura 51 dhidi ya 49. Maseneta watatu wa Republican waliukataa: Susan Collins, Lisa Murkowski, na John McCain, ambaye siku chache kabla alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya ubongo.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba mageuzi ya bima ya afya nchini Marekani hayakukwama kwa uhaba wa mawazo wala kwa hila za wapinzani peke yake. Yalikwama kwa sababu yalifanyika vipandevipande, na kila kipande kiliwatosheleza baadhi ya watu kiasi cha kuwafanya waogope kipande kilichofuata. Hoja hii haiyasafishi makundi yenye masilahi. Makundi hayo hayakuiumba hofu, lakini yalijua ilipokaa na yakaitumia. Aidha, hofu hiyo haikuwa ujinga: mgonjwa anayeogopa kumpoteza daktari wake ana sababu ya kuogopa.

Kukata tamaa, hata hivyo, hakukugawanywa kwa usawa. Wanasiasa walipoteza chaguzi; wasio na bima walipoteza akiba, nyumba na pengine uhai. Methali ya mbachao humwonya mwenye mkeka, na haina la kumwambia aliyelala sakafuni. Mfumo wa siasa wa Marekani ulifanya vivyo hivyo. Utafiti zaidi unahitajika katika ngazi ya majimbo, hasa Massachusetts, iliyofanikiwa mwaka 2006, na Vermont, iliyouacha mpango wake wa bima moja ya umma mwaka 2014, ili kubaini ni katika mazingira gani wenye mkeka hukubali kusogea.