Soko la Mlimani na Soko la Bondeni

Atakaye kuijua hali ya nchi, na aende sokoni. Katika milima yetu ya Usambara neno hili ni la kweli tangu zamani. Juu kuna mvua, migomba na tumbaku. Chini nyikani kuna malisho ya mifugo. Na pwani kuna nguo na chumvi. Basi watu walihitajiana, wakakutana na kubadilishana mali. Burton na Speke walipofika Vuga mwaka 1857, mji mkuu wa Kimweri ye Nyumbai, tumbaku ya Usambara ilikuwa ikipelekwa hata Unguja.

Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, nilipenda kuwauliza vijana: kwa nini Semboja, mtoto wa Kimweri, alipendelea kukaa Mazinde, bondeni, badala ya Vuga? Wengi walijibu kwamba ni vita. Mimi huanza na soko. Mazinde ilikuwa kando ya njia ya misafara iendayo Kilimanjaro, na kwa njia hiyo zilipita bunduki na baruti. Kimweri alipofariki mwaka 1862, wakubwa waligombea utawala, na kila mmoja alitaka silaha. Silaha zililipwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Wahenga walisema biashara haigombi, lakini biashara hii iligombanisha ndugu kwa ndugu. Mkulima aliyezoea kwenda sokoni na mzigo kichwani, sasa aliweza kuwa mzigo yeye mwenyewe.

Wajerumani nao wakaleta kodi ya nyumba mwaka 1898, na reli ya kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Aliyekuwa akiuza ziada yake kwa hiari alilazimika kutafuta rupia ya kodi.

Leo masoko ya Soni na Lushoto hujaa kabichi, karoti na viazi, na malori huyapeleka mazao hayo hadi Dar es Salaam. Hakuna auzaye mtu tena, tumshukuru Mungu. Hata hivyo lumbesa bado ipo: gunia hujazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kilemba juu, kisha likahesabiwa kuwa moja, ingawa sheria inakataza. Kwa hiyo swali nililojifunza kwa Mazinde ndilo ninalowaachia wasomaji: sokoni, usitazame kwanza bidhaa, tazama ni nani aliyeshika kipimo.