Rezista ya omu 75

Fundi redio mmoja wa Kariakoo aliugeuza ule waya mfupi mara mbili, akauwekea mita yake, akasubiri namba itulie. Sabini na tano. Akahamia chaneli ya pili. Sabini na tano tena.

"Mzee, humu hamna kitu," akaniambia. "Rezista mbili tu, kulia na kushoto. Wamekuuzia bei gani?"

Nilimweleza kwamba waya ule niliazimwa na shemeji yangu pamoja na spika zake za masikioni, na kwamba spika hizo zilipokuwa mpya dukani zilikuwa zaidi ya dola 300. Alicheka mpaka jirani yake wa chaja na betri akaja kuuliza kulikoni.

Alikuwa sahihi. Waya wenyewe haufiki urefu wa kiganja. Lakini ndio uliotenganisha matoleo mawili ya spika za masikioni zilizozungumziwa kuliko karibu zote za wakati wake: ER-4P na ER-4S, kazi ya kampuni ya Etymotic Research ya Illinois, Marekani. Ukizivaa hivihivi, una P. Ukiuchomeka waya kati ya spika na redio yako, una S. Kiini ni kilekile, sumaku ileile, mpira uleule sikioni. Ukinzani wa P ni omu 27. Ongeza 75 za waya, unapata kama 100, na hizo ndizo omu zilizoandikwa kwenye karatasi ya S.

Asili ya spika hizi ni vifaa vya watu wasiosikia vizuri, na kabla ya hapo, manowari. Mwaka 1910 Mmarekani wa Utah, Nathaniel Baldwin, aliwapelekea wanamaji wa nchi yake hedifoni alizozibuni. Walipozipima na kuona jinsi zinavyonasa ishara dhaifu za redio, wakaagiza nyingi kuliko alivyoweza kutengeneza kwa mkupuo, maana kiwanda chake kilikuwa jikoni kwake. Siri yake ilikuwa ulimi wa chuma uliosimamishwa katikati ya nguvu mbili za sumaku, ukivutwa sawasawa huku na huku. Umeme kidogo tu ukipita kwenye koili, mizani inapotea, ulimi unacheza, na kijiti kinaupeleka mchezo huo kwenye kiwambo. Spika ya kawaida, ile ya koni na koili inayokwenda mbele na nyuma, ilikuja kuiteka dunia ya redio na kuusahaulisha ulimi wa Baldwin. Haukufa. Ulikwenda kuishi mahali ambapo nafasi ni ndogo na umeme ni wa kuhesabu: ndani ya vifaa vya kusaidia kusikia.

Bingwa wa vifaa hivyo vidogo alikuwa Hugh Knowles, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1946 katika eneo la Chicago. Mwaka 1962 aliajiriwa huko kijana aitwaye Mead Killion, akakaa miaka 21. Wakati wote huo vifaa vya usikivu vilikuwa na sifa mbaya: sauti kali ya kipaza sauti cha mnadani, neno linasikika lakini muziki hausikiliziki. Watu wengi wa fani waliona hilo ni la maumbile ya kifaa kidogo. Killion hakukubali. Tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, mwaka 1979, ilihusu namna ya kuunda kifaa cha usikivu chenye sauti ya kiwango cha juu, na ndani yake aliwaketisha wasikilizaji wa aina mbalimbali, raia wa kawaida na wenye masikio yaliyozoezwa, wakilinganisha sauti moja na nyingine na kuipa alama.

Knowles walikuwa pia na kisanamu. Tangu 1972 walikuwa na KEMAR, kichwa na kifua cha mtu bandia kilichochongwa kwa wastani wa vipimo vya watu wazima, chenye masikio ya mpira na maikrofoni pale ambapo mimi na wewe tuna kiwambo cha sikio. Kisanamu hiki ndicho kilichowezesha kujibu swali ambalo watengenezaji wa hedifoni walikuwa wakilikwepa: sauti ikitoka chumbani hadi kwenye kiwambo, njiani inafanyiwa nini?

Inafanyiwa mengi. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na mwisho wake limezibwa na kiwambo. Ni chupa. Na kama chupa inavyotoa mlio wake ukiipuliza mdomoni, tundu hili nalo lina mlio linaoupenda, karibu na hezi 2,700. Sauti za masafa hayo hufika kwenye kiwambo zimekuzwa kwa desibeli zaidi ya kumi. Hatuna habari na jambo hilo kwa sababu tumezaliwa hivyo. Ila siku utakapoingiza kipande cha mpira chenye spika ndani ya tundu, chupa umeiziba, mlio umekufa. Spika ikitoa sauti iliyonyooka kama rula, ubongo unalalamika: mwimbaji anaonekana kajifunika blanketi. Kwa hiyo spika ya ndani ya sikio haina budi kurudisha kile kilima ilichokisawazisha yenyewe kwa kuingia.

Mwaka 1983 Killion aliondoka Knowles na kufungua kampuni yake Elk Grove Village, si mbali na uwanja wa ndege wa O'Hare. Jina Etymotic alilitunga kwa mizizi ya Kigiriki, na maana aliyoikusudia ni "kweli kwa sikio". Bidhaa za mwanzo zilikuwa za maabara na zahanati. ER-1 iliiga sikio lililo wazi, pamoja na kilima chake. ER-2 ilitoa sauti iliyonyooka pale kwenye kiwambo, kwa watafiti waliotaka hivyo. Ndugu yao ER-3A, ile ya mirija na vizibo vya sponji, ikaenea katika vyumba vya kupimia usikivu. Tayari hapo ukiangalia unaona tabia ya nyumba hii: kwa swali moja, matoleo mawili.

ER-4 ikaja mwaka 1991. Ulimi wa Baldwin, uliopunguzwa na Knowles hadi ukubwa wa punje ya mchele uliokatwa pembe, sasa ulikuwa unapiga muziki. Mpira wa matabaka matatu, mfano wa mti wa Krismasi, ulisukumwa ndani sikioni kuliko mtu mstaarabu anavyotarajia, na kwa maelezo ya kiwanda ulizuia kelele za nje kwa desibeli 35, ukitumia sponji hata 42. Mara ya kwanza kuvaa nilihisi niko kwa daktari. Ya pili nilikuwa kwenye basi la Morogoro, na honi ya dereva niliiona mikononi mwake kabla ya kuisikia.

Nayo ilitoka na herufi mbili. ER-4B ilifuata vipimo vya kisanamu mpaka juu kabisa kwenye sauti nyembamba. Ilikusudiwa rekodi zilizochukuliwa kwa maikrofoni zilizowekwa ndani ya masikio ya kichwa bandia. ER-4S ilipunguzwa kidogo huko juu. Sababu yake inanifurahisha: wachanganyaji wa sauti studio walikuwa na mazoea ya kuzitia makali santuri za CD, kwa hiyo ukisikiliza kwa spika iliyo kweli kabisa, matoazi yanakuchoma. S ilikuwa inatoa posho kwa makosa ya watu wengine. Hivyo kampuni iliyojiita kweli kwa sikio ikawa na kweli mbili kwenye orodha moja ya bei, na wanunuzi, ambao wengi wao hawakuwa na rekodi hata moja ya kichwa bandia, wakachukua S. B ikabaki ya wachache.

P ilizaliwa na betri. S ina njaa ya umeme. Kwenye amplifaya ya mezani haina shida, lakini vicheza muziki vya mfukoni vilipoenea, watu walipandisha sauti hadi mwisho na bado wakaona haitoshi. Kampuni ikaondoa rezista. Herufi P ilimaanisha ya kubebeka. Sauti ilipanda kwa desibeli kumi na kitu, na besi ikaja mbele.

Hapo kwenye besi ndipo fundi wangu aliacha kucheka. Rezista, alisema, haichagui masafa. Inapunguza yote sawa. Ni kweli ikiwa ipo peke yake. Lakini kinachoifuata ni koili, na ukinzani wa koili hupanda kadiri masafa yanavyopanda. Kwenye besi koili ina omu chache, hivyo rezista ya 75 inakula sehemu kubwa ya volti na kuiachia spika makombo. Kwenye sauti nyembamba koili imekuwa ngumu yenyewe, sehemu inayoliwa na rezista ni ndogo, na spika inapata shibe. Matokeo yake besi inashuka kuliko vingine, na mizani ya muziki wote inahamia juu. Hakuna kemikali wala mbao adimu. Fundi alichukua kalamu, akachora duara mbili nyuma ya risiti, akanyamaza kidogo. "Kumbe wameifanya makusudi," akasema.

Nilikaa nazo wiki moja. Mtu anayelinganisha P na S kwa kuchomoa na kuchomeka waya anajidanganya, kwa sababu P inapiga kwa nguvu zaidi, na sikio la binadamu huchukulia kilicho juu kidogo kuwa ndicho kizuri. Kila nilipobadili nilirekebisha sauti kwanza, kwa kutumia mluzi mmoja wa hezi 1,000, ndipo nikarudi kwenye muziki. Kipimo changu kilikuwa bendi ya Mlimani Park, Sikinde wenyewe, katika rekodi za zamani za studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam.

Kwa S niliisikia studio. Mfoko wa utepe ulianza kabla ya muziki, na gitaa la kati, lile ambalo kwenye redio ya jikoni ni kama mchanga unaomwagika, liligawanyika: kucha, waya, kucha, waya. Mpuliza saksafoni alivuta pumzi nami nikajua anakaribia kuingia. Gitaa la besi lilikuwepo, kila noti mahali pake, ila kama mtu aliyesimama mlangoni bila kukaribishwa. Kwa P mfoko ulipungua, gitaa la kati likarudi nyuma hatua moja, na besi ikaingia ndani, ikavuta kiti. Tumba zikapata ngozi.

Najua jibu ninalotarajiwa kutoa: S ndiyo ya kweli, P ni ya kujifurahisha. Silitoi. Muziki huu ulitungwa kwa ajili ya ukumbi, na ukumbini besi huisikii kwa sikio tu, inakupitia miguuni. Spika iliyozibwa ndani ya tundu la sikio haina miguu ya kukupa. Ziada ile ya P, kwangu, ni fidia ya sakafu. Kwa habari na hotuba, na kwa taarab yenye fidla nyingi, nilirudi kwenye S bila ubishi.

Mwaka 2016 Etymotic waliistaafisha familia hii na kuleta ER4SR na ER4XR. Vichwa vikawa vya alumini, na kila jozi ikaja na cheti cha vipimo vyake yenyewe, kushoto na kulia. Zote mbili ni omu 45. SR ni mrithi wa S. XR ni ileile iliyoongezwa desibeli chache za besi, chache kweli, ambazo mtu aliyezoea hedifoni za madukani mwetu hawezi kuzigundua mpaka aambiwe. Tofauti sasa ilikuwa ndani ya kichwa chenyewe, haihamishiki kwa waya. Anayenunua anachagua mara moja, na akijuta, anajuta kwa bei kamili. Miaka miwili baadaye kampuni yenyewe ilinunuliwa na Lucid Audio ya Texas.

Siku ya sita ya jaribio langu niliandika kwenye daftari kwamba S ina kasoro: sikio la kushoto halina matoazi, limefifia, huenda rezista moja imekufa. Nilimrudia fundi. Akapima: sabini na tano, sabini na tano. Akanyoosha mkono aletewe na spika. Kwenye mkebe wa shemeji kulikuwa na kifaa kidogo kama bisibisi cha kung'olea chujio, kitu cha kijani chembamba kuliko punje ya mtama kinachokaa kwenye mdomo wa spika. Alikizungusha, akavuta, akakisogeza chini ya taa yake, akanitazama kwa heshima zote anazostahili mteja mwenye umri wangu.

"Mzee," akasema, "hii ni nta."