Unaenda safari ya meli ya kitalii? Panga hati zako hivi usiachwe bandarini

Siku hizi picha za wasee wakiwa juu ya meli kubwa za kitalii ziko kila mahali: bwawa la kuogelea, jua likizama, sahani imejaa kamba. Kile hawaposti ni foleni ya bandarini, pale mfanyakazi wa meli anafungua pasipoti yako ukurasa kwa ukurasa akiangalia kama kila kitu kiko sawa. Kama kuna viza inakosekana, unabaki hapo na sanduku lako. Meli haikungojei, na doh mara nyingi hairudi, juu masharti ya tiketi husema wazi kwamba kuwa na hati zinazofaa ni jukumu la abiria.

Kwa msee mwenye pasipoti ya Kenya, hii mambo ni nzito kidogo. Mjerumani anaweza kushuka bandari tano bila kuomba viza hata moja. Wewe lazima upige hesabu. Hii hapa rada, kutoka siku unalipa hadi siku unarudi JKIA.

Kwa nini meli si kama ndege

Ukipanda ndege kwenda Istanbul, unashughulika na nchi moja. Meli inaweza kukupitisha nchi nne kwa wiki moja, na kila bandari ni mpaka. Hata kama mpango wako ni kulala kwa kabini wakati wengine wanashuka, kampuni inaweza kudai uwe na viza ya nchi hiyo kabla ikuruhusu kupanda. Kila kampuni ina sheria zake, so usiulize kikundi cha Facebook. Andikia kampuni yenyewe imeli, uwaambie una pasipoti ya Kenya, utaje bandari zote kwenye ratiba, na uulize viza gani zinahitajika. Jibu lao uliprinti uliweke na hati zingine.

Pasipoti: angalia vitu vitatu

Kwanza, tarehe ya mwisho. Schengen wanataka pasipoti iendelee kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku unatoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Nchi na kampuni nyingi zingine huitisha miezi 6. Tumia hiyo 6 kama kipimo chako, na uihesabu kutoka siku ya kurudi, si siku ya kuondoka.

Pili, kurasa tupu. Schengen wanataka angalau 2. Kama pasipoti yako imejaa mihuri ya Namanga na Busia, omba mpya kwa eCitizen mapema. Na kama viza yako hai iko kwa pasipoti ya zamani, beba zote mbili.

Tatu, jina. Jina kwa tiketi ya meli, tiketi ya ndege, viza na bima lazima lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti ina majina matatu na ulilipia ukitumia jina la Instagram, rekebisha leo. Ukingoja hadi bandarini umechelewa.

Viza: hesabu unaingia mara ngapi

Hapa ndipo wengi huchomeka. Viza haisemi tu unaenda wapi. Inasema pia unaweza kuingia mara ngapi.

Tuseme wewe na mbogi yako mmechanga kwa chama miaka miwili, mkalipia meli inayotoka Barcelona, inapita Marseille, Genoa na Palermo, inasimama Tunis, halafu inarudi Barcelona. Uhispania, Ufaransa na Italia ziko Schengen, so viza moja inazifunika zote tatu. Lakini Tunisia haiko. Meli ikienda Tunis umetoka Schengen, na ikirudi Barcelona unaingia tena. Hiyo ni mara ya pili. Kama viza yako imeandikwa ya kuingia mara 1, iliisha kazi siku ulitua kwa ndege. Kampuni ikiona hivyo mnapopanda, inaweza kuwakataa hapo hapo, hata kama hiyo Tunis iko mwisho wa safari.

So chukua kalamu, uandike bandari zote kwa mpangilio, na kando ya kila moja uandike "ndani" ama "nje". Kila mara unatoka "nje" kurudi "ndani", ongeza 1. Hiyo namba ndiyo unaombea viza. Kwenye fomu chagua kuingia mara mbili ama mara nyingi, na uambatishe ratiba ya meli ili afisa aone sababu. Ukishapewa, soma stika kabla utoke kwa ofisi: tarehe, idadi ya siku, idadi ya kuingia, jina.

Na unaomba kwa ubalozi gani? Ni ule wa nchi utakaa siku nyingi zaidi. Kama siku ni sawa, ni nchi ya Schengen utakayoingia kwanza. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Kwa kawaida jibu huchukua siku 15, lakini sheria inawaruhusu kwenda hadi 45. Kuomba wiki tatu kabla ni kucheza kamari na pesa ya chama.

Wale wa Dubai, hesabu ni ile ile. Meli za Ghuba huanzia Dubai ama Abu Dhabi, zikapita Doha, Bahrain ama Muscat, kisha zikarudi. Viza ya Emirati ya kuingia mara moja inaisha ukitoka kwenda Doha. Hapo unahitaji ya mara nyingi, plus chochote nchi zile zingine zinataka.

Chanjo na bima

Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, so kitabu cha njano kinaweza kuitishwa na nchi unayoenda ama na meli yenyewe. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 cheti ni cha maisha yote. Kama ulidungwa zamani na kitabu kimeandikwa miaka 10, bado kiko sawa. Wale wanakuuzia kitabu kimegongwa muhuri bila sindano, waachie.

Bima ya Schengen lazima ifunike matibabu ya angalau yuro 30,000. Lakini soma karatasi: bima nyingi za bei ya chini zinafunika Schengen pekee. Kwa ile safari ya Tunis, mwambie wakala wa bima aongeze Tunisia, na muulize kama siku za baharini na kusafirishwa kutoka melini ukiwa mgonjwa ziko ndani. Daktari wa meli si wa bure.

Kama unameza dawa za kila siku, beba barua ya daktari na uache dawa kwa pakiti yake. Ukipitia Emirati hii ni lazima zaidi, juu dawa kama tramadol na zenye codeine zina sheria kali kule.

Thibitisha tiketi wewe mwenyewe

Kama ulilipa kupitia wakala, usitosheke na risiti yake ya WhatsApp. Itisha namba ya oda ya meli, uingie tovuti ya kampuni na uitafute. Kama jina lako halipo, bado huna safari. Jua hiyo mapema, ukiwa bado na wakati wa kufuatilia pesa yako.

Oda ikiwa sawa, jisajili kwa tovuti hiyo hiyo: weka pasipoti, picha, namba ya mtu wa dharura na saa ya kufika bandarini. Kisha printi vitu viwili, yaani pasi ya kupanda na lebo za mizigo. Usajili hufungwa kabla ya meli kuondoka, so usiache kitu ya kufanya ukiwa kwa teksi.

Folda yako: ipange kwa mpangilio wa milango

Siri ya kutohangaika ni kupanga karatasi vile utaulizwa. Nunua folda ya plastiki yenye mifuko, zile za kwa duka la vitabu:

Mfuko wa 1, JKIA: pasipoti, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, kitabu cha njano.
Mfuko wa 2, uhamiaji wa huko: oda ya hoteli ya usiku wa kwanza, oda ya meli, bima, taarifa ya benki.
Mfuko wa 3, bandarini: pasi ya kupanda, viza zilizoprintiwa, ile imeli ya kampuni kuhusu viza.
Mfuko wa 4, dharura: kopi za pasipoti na viza, picha 2 za pasipoti, namba za bima na za ubalozi wa Kenya.

Hii folda inakaa kwa begi ya mgongoni. Ukifika bandarini, wapagazi huchukua masanduku makubwa pale mlangoni na unaweza kuyaona tena jioni, nje ya kabini. Ukiwa umeweka pasipoti ndani ya sanduku, imeshaenda, na wewe bado uko kwa foleni.

Fanya kopi za aina tatu. Moja ya karatasi, ikae kwa begi tofauti na ile ya pasipoti. Moja ndani ya simu, iliyohifadhiwa kabisa, si ya kufunguliwa na bando, juu katikati ya bahari intaneti ni ya kulipia na bei ni noma. Moja kwa mtu wa nyumbani unayemwamini, mama ama sister. Usizitume kwa kikundi cha WhatsApp cha mbogi nzima.

Na ukiprinti saiba, usiache pasipoti yako kwa kompyuta ya wenyewe. Futa faili, futa hata kwenye takataka ya kompyuta, toka kwa imeli na eCitizen. Msee mwenye pasipoti yako, kitambulisho na taarifa ya benki anaweza kukukopea mkopo ukiwa huko unapiga picha za pomboo.

Ukiwa ndani ya meli

Meli zingine huchukua pasipoti za abiria wanaohitaji viza na kuziweka hadi mwisho wa safari. Usishtuke, ni kawaida. Itisha risiti, na uulize utairudishiwa siku gani. Kutoka hapo kadi ya kabini ndiyo inakutoa na kukurudisha.

Siku ya kushuka, beba kadi hiyo, kopi ya pasipoti na viza, na ratiba ya siku. Kwa ratiba kutakuwa na saa ya mwisho ya kurudi na namba ya wakala wa meli kwenye hiyo bandari. Usitegemee saa ya simu. Wakati wa kiangazi Tunis iko nyuma ya Barcelona kwa saa 1, so simu inaweza kujibadilisha na kukuambia bado una lisaa limoja wakati meli inakunja ngazi. Vaa saa ya mkono na uifuate na ya meli.

Ukiachwa, pigia huyo wakala kwanza. Yeye ndiye anaongea na meli, na mara nyingine wafanyakazi huchukua pasipoti ya aliyechelewa na kumwachia yeye.

Ukipoteza pasipoti, nenda polisi wa hapo upate ripoti, kisha ubalozi wa Kenya. Tuna balozi Madrid, Paris na Rome. Wanaweza kukupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani, na ile kopi yako ndiyo itaharakisha mambo. Lakini jua hiyo hati ni ya kurudi. Usitarajie kuendelea na meli nayo.

Ukisafiri na mtoto

Mtoto anahitaji pasipoti yake na viza yake. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama mzazi mwenzako haendi, au mtoto ni wa sister, pata barua ya ruhusa iliyoapwa mbele ya wakili, pamoja na kopi ya kitambulisho cha mzazi aliyebaki. Ubalozi utaiitisha, na uhamiaji wanaweza kuiitisha pia.

Kalenda ya haraka

Miezi 6 kabla: angalia pasipoti, andikia kampuni ya meli, hesabu "ndani" na "nje".
Miezi 3 kabla: viza ziwe zimeombwa, bima imenunuliwa.
Mwezi 1 kabla: chanjo imedungwa, viza zimesomwa neno kwa neno.
Wiki 1 kabla: usajili umekamilika, lebo zimeprintiwa, kopi ziko kwa mama.
Usiku wa kuondoka: fungua folda, guza kila karatasi ukitaja jina lake.

Kama wewe ndiye umeandaa safari ya mbogi, kaeni chini siku moja mfanye hii hesabu pamoja, kila mtu na pasipoti yake mkononi. Afadhali mgundue shida mkiwa Umoja kuliko mkiwa Barcelona.