Mawimbi ya Kisu

Rafiki yetu mmoja alituonyesha hapa Mokambo kisu alichonunua kwa bei kubwa. Bapa lake lilijaa mawimbi meupe na meusi. Aliambiwa kwamba mhunzi alikifua kwa nyundo. Tulilisugua kwa msasa, mawimbi yakatoweka. Tukapaka tindikali, hayakurudi. Kumbe, yalichorwa juu tu.

Zamani mawimbi hayakuchorwa. Huko India mafundi walitia chuma na makaa katika chungu kidogo cha udongo, wakakiziba, wakayeyusha kwa moto mkali, kisha wakakiacha kipoe polepole. Mistari ilizaliwa ndani ya pua yenyewe. Wala habari hii si ya mbali nasi: al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake huko Sisilia mwaka 1154, aliandika kwamba chuma cha pwani ya Sofala kilipelekwa India, kikafuliwa panga.

Wahunzi wengine walifuata njia ya pili. Hupanga vipande vya pua za namna mbili, huvitia motoni, huvigonga mpaka vishikane, huvikunja tena na tena. Siku hizi pua moja huwa na nikeli: tindikali ikipita, hiyo hubaki nyeupe, mwenzake huwa nyeusi. Ni kazi ya kupendeza, lakini taka kidogo ikibaki katikati, bapa lina ufa wa siri.

Na kiwanda je? Huko Söderfors, Uswidi, tangu miaka ya 1990 huchukua unga wa pua mbili, huuziba katika mkebe wa chuma, huubana kwa joto na nguvu nyingi mpaka uwe kitu kimoja. Mawimbi yake hupenya mpaka ndani, wala hakishiki kutu upesi. Sisi hatuwezi kukiita cha uongo.

Lakini kiwanda kilikuwa na deni lake kwetu. Wahunzi wa Katanga waliyeyusha chuma wenyewe katika tanuru za udongo. Reli ilipofika Élisabethville mwaka 1910, kupitia Sakania, majembe na visu vya Ulaya vilikuja kwa wingi, na tanuru zikazimika. Hata vyungu vya India vilikuwa vimekwisha kushindwa na pua rahisi ya viwanda.

Nyundo, hata hivyo, hazikunyamaza. Mhunzi huokota springi ya lori, huifua, huizamisha katika mafuta ingali nyekundu, kisha huipasha tena kidogo isivunjike. Haina wimbi hata moja. Rafiki yetu sasa anacho kisu cha namna hiyo, cheusi kabisa, nacho humaliza mbuzi mzima kabla ya kunolewa.