Kigae Chenye Michirizi

Ni kipande cha chungu kilichovunjika, hakizidi kiganja cha mkono. Upande mmoja kina weusi wa moshi wa jikoni. Ukikigeuza, unakuta michirizi mitatu au minne iliyonyooka, kila mmoja una kina cha kulaza nusu ya penseli. Asiyejua atakitupa. Wanaakiolojia waliochimba Tumbe, kaskazini mwa Pemba, walivikuta vigae vya namna hii kwa wingi katika mabaki ya makazi ya kati ya karne ya 7 na ya 10, wakavitambua mara moja: ni vinoo vya ushanga.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kombe la baharini livunjwe vipande vidogo, kila kipande kigongwegongwe kingo mpaka kikaribie kuwa duara, kisha kitobolewe katikati. Vipande vikishakuwa vingi vitungwe katika uzi mmoja na kubanwa sawasawa, vikae kama uti wa mgongo wa samaki. Hapo ndipo kigae kinaposhika zamu. Uzi mzima unalazwa mchirizini, unamwagiwa maji na mchanga kidogo, unasuguliwa mbele na nyuma, mbele na nyuma, hadi kingo zote zilingane. Chungu kilichopika chakula cha familia hakikufa kilipopasuka. Kiliendelea na kazi nyingine, na mkono uliokisugua ulikiachia alama ambayo miaka 1,000 na zaidi haikuifuta.

Vigae vya Tumbe havikurundikana katika karakana moja. Vimetapakaa kwenye makazi, ishara kwamba ushanga ulikuwa kazi ya nyumbani, ya ukumbini na uani. Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, na Neville Chittick kabla yake huko Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, wote walikuta dalili za ushanga wa kombe uliotengenezwa papo hapo katika tabaka za mwanzo za miji hiyo. Naanza na kigae kwa makusudi. Historia ya ushanga wa Afrika Mashariki imezoea kuanza na jahazi linalotia nanga, kana kwamba watu wa huku walikaa ufukweni wakingoja kupambwa. Hawakungoja. Na hata jahazi lilipofika na ushanga wa kioo, aliyetunga ndiye aliyeamua kipi kitavaliwa na kipi kitarudi kilikotoka.

Kwa kweli kigae chenyewe ni cha juzi tu. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, umbali wa kilomita 15 hivi kutoka baharini, watafiti walipata shanga iliyotokana na kombe la konokono wa baharini wa jamii ya Conus. Walikadiria umri wake kuwa kati ya miaka 67,000 na 63,000, wakatangaza matokeo yao mwaka 2018. Bara nako watu walitumia ganda la yai la mbuni. Jennifer Miller na Yiming Wang walipima shanga zaidi ya 1,500 za ganda hilo kutoka sehemu 31 za Afrika ya mashariki na ya kusini. Katika utafiti wao wa mwaka 2022 walionyesha kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita shanga za pande hizo mbili zilifanana mno, umbo na kipimo, ingawa zimetengana kwa maelfu ya kilomita. Watu walikutana, wakaonana, wakaigana. Sauti zao zimepotea, kipimo cha vidole vyao kimebaki.

Kioo kilikuja na pepo za kaskazi. Unguja Ukuu, bandari iliyostawi katika karne ya 8 na ya 9, imetoa shanga ndogo za kioo ambazo uchunguzi wa kemikali unazielekeza zaidi Asia ya Kusini. Polepole zikaizidi nguvu kazi ya kombe, maana zilikuwa na rangi ambazo bahari yetu haina. Hata hivyo mafundi wa Afrika hawakukubali kuwa wapokeaji tu. Mahali panapoitwa K2, karibu na Mapungubwe katika bonde la mto Limpopo, penye uhusiano na biashara hiyohiyo ya Bahari ya Hindi, mafundi wa karne ya 11 na ya 12 walichukua shanga ndogo za kigeni, wakazilainisha kwa moto na kuziunda upya katika kalibu za udongo, zikatoka shanga nene za umbo la pipa. Rangi ilitoka ng'ambo, umbo likatoka kwao.

Kalibu hizo hunijia akilini kila ninaposoma habari za mapambo ya kisasa ya nyumbani. Tangu miaka ya 1990 kuna udongo wa fedha, uliobuniwa Japani katika kampuni ya Mitsubishi Materials: ni unga laini wa fedha uliochanganywa na maji na kitu cha kugandisha. Unaufinyanga kama unga wa chapati, unaukausha, unautia motoni. Kigandishi kinaungua, chembe za fedha zinashikana, na pambo linatoka dogo kuliko lilivyoingia, kwa asilimia 10 hadi 30 kutegemea aina. Uko pia udongo wa plastiki wa rangi rangi unaookwa kwenye jiko la kawaida la keki. Watu wanavipokea kama mambo mapya kabisa, nami navipenda, kwa kuwa vimeirudisha kazi ya kidani mezani pa nyumba ya kawaida. Lakini kukipa kitu umbo kwa kidole kikiwa laini, kisha kuuachia moto umalizie, ni ujuzi ambao mafundi wa K2 wangeutambua bila kuelezwa.

Wareno walipoingia Sofala mwaka 1505 walidhani bidhaa yoyote ya Ulaya ingepokelewa. Duarte Barbosa, aliyeandika muongo mmoja hivi baadaye, anaeleza jinsi wafanyabiashara Waislamu walivyofika Sofala kwa vyombo vidogo kutoka Kilwa, Mombasa na Malindi, wakiwa na nguo na shanga ndogo za kijivu, nyekundu na manjano kutoka Cambay, yaani Khambhat ya Gujarat, ambako akiki nayo ilichongwa na kutobolewa. Wareno walijifunza kuzitafuta bidhaa hizohizo za India, kwa sababu ndizo zilizotakiwa. Mizinga yao haikuweza kumlazimisha mtu apende ushanga asioupenda.

Somo hilo lilibidi kurudiwa katika karne ya 19, safari hii kwa Venice. Mwaka 1291 mafundi wa kioo wa mji huo waliamriwa kuhamishia tanuru zao kisiwa cha Murano, kwa hofu ya moto. Ushanga mdogo walioutengeneza ulianza kama bonge la kioo laini lenye tundu katikati. Watu wawili walilishika huku na huku, wakakimbia wakiachana, likavutika kuwa bomba refu jembamba, nalo likakatwa vipande na kulainishwa kingo kwa joto. Kisha ikafika zamu ya wanawake walioitwa impiraresse, watungaji. Walikaa milangoni mwa nyumba zao, sinia la mbao mapajani, makumi ya sindano ndefu mkononi zimetanuliwa kama upepeo, wakizichota shanga na kuzitunga katika nyuzi kwa ujira mdogo. Nyuzi hizo zilipakiwa kwenda Unguja.

Huko Unguja kulikuwa na elimu nzima iliyozingoja. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba aina za ushanga zilikaribia 400, kila moja na jina lake, bei yake na mahali pake. Shanga moja ndogo ya rangi ya marijani, nyekundu juu na nyeupe ndani, ilikuwa na majina lukuki: samesame, joho, kimara-phamba kwa maana ya kimaliza chakula, maana mtu angetoa hata posho yake aipate, na jingine alilolieleza kuwa ni kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoipagawia. Hesabu yake ilikuwa kwa kete, uzi uliopimwa kwa mkono au kwa kuzungushwa shingoni, na kete 10 zilifanya fundo moja. Majina hayo hayakutungwa Venice. Yalitungwa sokoni na njiani, na watu waliojua wanataka nini.

Henry Stanley alipofunga safari ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alilazimika kuisoma elimu hiyo kwa wafanyabiashara wa Unguja. Akaelezwa kwamba ushanga mweusi ni fedha Ugogo, ila kwingineko utakataliwa katakata. Sungomaji, shanga kubwa za umbo la yai, zina thamani Ujiji na Uguha, kwingine hazinunui hata kuku. Nyeupe iitwayo merikani inafaa Ufipa, lakini Uzigua na Ukonongo itadharauliwa. Alinunua magunia 22 ya aina 11. Kosa la rangi moja lingewaacha watu wake na njaa huku mabegani wamebeba frasila kwa frasila za kioo.

Joseph Thomson naye, akielekea Umasaini mwaka 1883, alikwama Taveta kwa kazi ambayo hakuitarajia. Nyuzi zake hazikuwa na urefu uliokubalika kwa Wamasai. Ikabidi mizigo ifunguliwe, shanga zishushwe, na makumi ya maelfu ya nyuzi yatungwe upya kwa kipimo cha wenyeji. Nimeirudia sehemu hiyo ya kitabu chake mara nyingi. Mwanamke wa Venice alitunga, mpagazi wa pwani akatungua na kutunga tena, kwa sababu tu mama wa Kimasai, ambaye hakuna kati yao aliyemwona, alikuwa na kipimo chake.

Ushanga huohuo ulinunua pembe za ndovu, na ulinunua watu. Misafara iliyobeba samesame kwenda bara ilirudi na binadamu waliofungwa minyororo, na hakuna uzuri wa kete unaoweza kulifunika hilo. Ninapowasifu watungaji sisahau kwamba kwa mwanamke aliyeuzwa, rangi ile nyekundu haikuwa pambo.

Rupia na heller za Wajerumani, na sarafu za Waingereza, ziliuvua ushanga kazi ya fedha mwanzoni mwa karne ya 20. Haukuzimika, ulibaki mwilini, ukawa huru zaidi. Pwani uliendelea kuwa tunda za kiunoni, zinazosikika kabla ya kuonekana, ambazo mwari alivishwa na somo yake pamoja na maneno yasiyoandikwa popote. Kwa Wamasai, ambao Thomson aliwakuta wanawake wao wamelemewa na koili za waya wa chuma, shanga ndogo za kioo, nyingi zikitoka Jablonec huko Bohemia, zilifungua ukurasa mpya kabisa. Nyuzi zilipangwa bega kwa bega juu ya waya mgumu, zikawa kola bapa inayochezacheza mabega yanaporuka. Vipande vya ngozi vilivyotenganisha safu baadaye vilibadilishwa na vya plastiki vilivyokatwa kwenye madumu.

Wageni huambiwa kwamba nyekundu ni damu, buluu ni mbingu, nyeupe ni maziwa, basi, kitabu kimefungwa. Mimi sidhani kola inasomeka hivyo. Donna Klumpp na Corinne Kratz, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1993, walionyesha kwamba Wamasai na Waokiek, majirani wanaovaa mapambo yanayokaribiana sana, hutofautishana kwa mpangilio: rangi ipi iifuate ipi, wapi mstari ukatwe, kiasi gani kinatosha. Mitindo nayo hubadilika rika hata rika, hivyo mama mzoefu akiitazama kola ya zamani anaweza kusema ni ya wakati wa rika gani. Kuliita jambo hilo desturi isiyobadilika ni kuwanyima wanawake hawa ubunifu ambao wameufanyia kazi kila kizazi.

Mwaka 1975 udongo ulirudi tena kwenye hadithi. Karen, nje kidogo ya Nairobi, Susan Wood alianza kufinyanga shanga za udongo pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Kazi hiyo ikaitwa Kazuri, na ikakua hadi kuajiri wanawake zaidi ya 300. Kila shanga huviringishwa kwa viganja, hutobolewa ikiwa mbichi, huchomwa, hupakwa rangi kwa brashi, kisha huchomwa mara ya pili ikiwa imening'inizwa kwenye waya, maana rangi ikiyeyuka shanga zikigusana zitagandana. Zitazame kwa karibu na utaona hakuna mbili zilizo sawa. Moja imebonyea kidogo, nyingine ina alama ya brashi iliyosita.

Miaka kadhaa iliyopita, katika jumba moja la makumbusho la Ulaya, nilisimama mbele ya kabati lenye kete nne za samesame. Kibandiko kilitaja Venice, karne ya 19, na jina la msafiri aliyezileta. Hakikusema neno juu ya uzi. Nao ulikuwa wazi kuonekana: si pamba nyembamba ya kiwandani, ni nyuzinyuzi za mmea zilizosokotwa kwa mkono, zimekuwa za kahawia, na mwishoni zimefungwa fundo dogo lililobanwa mara mbili. Nilimwomba mhudumu aandike kwenye daftari la wageni kwamba kibandiko kiongezwe mstari mmoja, kuhusu aliyefunga lile fundo. Aliandika, kisha akainama kiooni, akalitazama lile fundo kwa muda mrefu.